Mbwa Uliyemwacha Shambani Bado ni Wako

Wiki hii tulikuwa tumalizie ile mada ya kukausha vitunguu kabla ya kufunga magunia. Naomba vitunguu visubiri kidogo, kuna jambo limetokea huku kwetu na siwezi kulipita.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipigiwa simu na kijana mmoja mfugaji wa mbuzi. Sauti inatetemeka. "Afisa, njoo uone. Wamenimaliza." Nikawasha pikipiki. Nilipofika nilikuta mbuzi saba wako chini, wengine watatu wamesimama lakini wana majeraha, na mlango wa banda (alikuwa anaufunga kwa waya tu) umesukumwa pembeni. Majirani walishajaa pale na wote wanasema fisi.

Mimi nikaanza kukagua mizoga. Fisi akiingia kwenye banda anakuja kula. Atabeba, atavunja mifupa, utakuta kilichobaki ni kidogo. Hapa mbuzi walikuwa karibu wote wazima, wamechanwa miguu ya nyuma, masikio na koo, halafu wakaachwa. Hiyo kazi ni ya mbwa. Mbwa wakiwa kundi, mnyama anapokimbia ndivyo wanavyozidi kupandwa na mori, wanauma huyu, wanamwacha, wanakwenda kwa mwingine. Na mlinzi wa shamba la jirani akathibitisha kwamba aliwaona alfajiri wanavuka mfereji, wanne au watano, mbele jike la rangi ya kahawia lenye kamba ya bluu ya manila shingoni.

Hiyo kamba ndiyo iliyonifanya niandike. Mbwa hazaliwi na kamba ya manila. Kuna mtu aliisuka akamvalisha. Na wengi pale tulimjua: kijana aliyekodi ekari tatu za nyanya msimu uliopita, akavuna, akauza, akang'oa mabomba yake, akapakia kila kitu kwenye Fuso akaondoka. Mbwa alibaki kwenye kibanda anaangalia gari linavyopotea.

Kabla sijamsema huyo kijana, naomba nijiseme mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilikuwa kata nyingine na nilikuwa na mbwa dume anaitwa Bosi. Uhamisho ulikuja ghafla, nyumba niliyopata huku ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Nikamwambia jirani, "Utaniangalizia huyu." Kwa mdomo tu. Sikuacha hela ya chakula, sikuacha kadi ya chanjo, na kiukweli chanjo yake ilishapitwa na muda kwa miezi mitatu. Mimi, mtu wa kuwaambia wenzangu wachanje! Baada ya miezi miwili nikapigiwa simu kwamba Bosi amemuuma mtoto wa miaka sita pale kwenye mzunguko wa vibanda vya chipsi alikokuwa anaokota makombo. Watu walimuua kwa magongo na kumzika siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyepima kama alikuwa na kichaa au alikuwa na njaa tu. Mama wa yule mtoto aliuza mbuzi ili alipie sindano. Nilimrudishia hela yake, mtoto alimaliza sindano na yuko mzima. Lakini mpaka leo nikipita kata ile huwa sipiti ile njia ya vibanda.

Kwa hiyo ninapoandika hapa siwahubirii kutoka mbinguni.

Sasa tuelewane, hawa mbwa wanaoitwa koko wanatoka wapi? Wengi wetu tunadhani kuna kabila fulani la mbwa wa mitaani wanaozaliwa huko kwenye majalala. Kwa ninavyoona mimi kwenye kata hii, wengi wana mwenyewe, au walikuwa naye. Kuna mbwa ana kwake lakini hafungiwi wala halishwi, anajitafutia. Kuna wale wa mashamba ya kukodi: mkulima anakuja Januari, anatafuta mbwa wa kulinda pampu na mipira ya dripu, Agosti anaondoka bila yeye. Na kuna watoto wa mbwa, hasa majike, wanaotupwa kwenye kiroba pembezoni mwa barabara kwa sababu kila mtu anataka dume la kulinda. Jike hilo likipona, ndiyo mama wa kundi.

Hesabu yake ni rahisi. Jike linaanza kupata joto kuanzia umri wa miezi sita hivi mpaka mwaka, na linarudia takribani kila baada ya miezi sita au saba. Mimba ni kama siku 63. Uzao mmoja unaweza kuwa na watoto wanne, sita, hata wanane. Hata wakifa nusu, na huwa wanakufa wengi kwa njaa na minyoo, bado jike moja uliloliacha Agosti linaweza kukurudishia kundi zima kabla hujarudi kukodi shamba mara ya pili.

Na wanaishi kwa kula nini? Hapa ndipo wafugaji wa kuku wa nyama wanapochukia nikisema, lakini nitasema. Wanakula vifo vyenu. Kuku wakifa mnatupa nyuma ya banda, wengine mnatupa mtoni. Machinjio ya kijiji yanamwaga utumbo kwenye shimo lisilo na mfuniko. Idadi ya mbwa wanaozurura mahali inakwenda na chakula kinachotupwa mahali hapo. Ukiwa na jalala la wazi, wewe tayari unafuga mbwa, ila tu hujawapa majina. Na mbwa aliyejifunza utamu wa kuku aliyekufa, siku akikuta mlango wazi hatauliza kama huyu yuko hai.

Chimba shimo la mizoga lenye kina cha zaidi ya mita moja, mbali na kisima, weka mfuniko wa mbao au bati zito, na kila ukitupa mwaga chokaa au udongo juu. Kazi ya siku moja ya vijana wawili.

Turudi pale kwenye banda la mbuzi. Kufikia saa nne mjadala ulishakuwa mmoja: sumu. Mtu ameshajitolea kununua, nyama ipo, mizoga saba si imelala pale. Nikaomba dakika kumi za kuongea.

Kwanza, sumu haichagui. Itaua mbwa wa mlinzi wa mzee wa jirani, paka, nguruwe wa mtu, kunguru na tai, na mtoto anayeokota vitu akakitia mdomoni. Pili, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, hata awe hana mwenyewe. Lakini la tatu ndilo lililowafanya wanyamaze: kuua hakumalizi. Ukiua mbwa ishirini na jalala likabaki vile vile, nafasi na chakula vinabaki, wanahamia wengine na waliopona wanalea watoto wengi zaidi. Tena unaweza kuwa umewaua wale waliochanjwa, ukabadilishana nao wageni ambao hujui wametoka wapi na wana nini. Kwenye kisiwa cha Flores kule Indonesia, kichaa cha mbwa kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, waliua mbwa kwa wingi sana, na ugonjwa ukabaki.

Sasa linganisha na Pemba. Wengi hamjui hili. Kule wamefanya chanjo ya mbwa kwa kampeni, kijiji kwa kijiji, na ufuatiliaji wa kila mtu aliyeumwa. Kichaa kikaisha mwaka 2014. Kikaingizwa tena 2016, wakakifuata tena kwa chanjo, na kufikia 2018 kikaisha tena. Na Pemba ni mahali ambapo familia nyingi ni Waislamu na si watu wa kukaa na mbwa ndani. Nalisema hili kwa sababu pale kwenye kikao mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi dini yetu mate ya mbwa ni najisi, usitulazimishe." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hakuna atakayekulazimisha kumshika. Wewe tusaidie kufunika jalala, na ukimwona jike lina watoto kwenye korongo niambie liko wapi." Akakubali, na tangu siku ile yeye ndiye ananipa taarifa nyingi kuliko wafugaji wenyewe.

Lengo la kampeni ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka. Kwa nini kila mwaka? Mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu. Mwaka mmoja ukipita, waliochanjwa wengine wamekufa na kuna watoto wapya ambao hawana kinga, ile 70 imeshuka bila nyie kujua. Ndiyo maana jike linalozaa ovyo linaharibu hata kazi ya chanjo.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zikishatokea, kwa binadamu au mnyama, tiba hakuna. Mwisho wake ni kifo. Duniani inakadiriwa kinaua watu kama 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni Asia na Afrika, watoto wakiwa wengi. Kwa hiyo mtu akiumwa au kukwaruzwa, kabla ya kulaumiana, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Angalia saa. Dakika mbili hazitoshi. Usipake mafuta ya taa, wala mavi ya ng'ombe, wala pilipili. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe ulizoandikiwa. Kila sindano ni makumi ya maelfu ya shilingi na vituo vingine hazipo, unatumwa wilayani. Chanjo ya mbwa wako mara nyingi ni ya bure siku ya kampeni, au ni hela ndogo tu. Wewe ni mfanyabiashara, piga hesabu.

Kama mbwa aliyeuma anajulikana, asiuawe hapo hapo. Afungiwe salama, aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku kumi, maana yake wakati anauma hakuwa na virusi kwenye mate. Huku nyuma aliyeumwa anaendelea na sindano, hangoji jibu.

Jambo moja kwa wenye ng'ombe, linasahaulika sana. Ng'ombe, mbuzi na punda nao wanapata kichaa. Ng'ombe anaanza kutoa udenda, hawezi kumeza, analia sauti ya kukwaruza, na mwenye ng'ombe anadhani amekwamwa na gunzi. Anaingiza mkono mdomoni mpaka kwenye koo kutafuta gunzi! Usifanye hivyo kwa mnyama ambaye eneo lake lina mbwa wanaouma. Niite mimi au daktari wa mifugo. Ndiyo maana wale mbuzi watatu waliopona tuliwaosha majeraha kwa sabuni tukiwa na glavu, tukawatenga, na nimemkataza yule kijana asiwauze wala kuwachinja kwanza. Virusi vinaweza kulala mwilini wiki kadhaa hata miezi kabla ya kujionyesha. Ameumia sana, maana hao watatu ndio mtaji uliobaki. Lakini amekubali.

Haya, sasa wewe mwenye mbwa, au unayetaka kuchukua mbwa kwa ajili ya shamba, ufanye nini?

Anza kwa kujiuliza msimu ukiisha anakwenda wapi. Kama huna jibu, usichukue mbwa. Ajiri mlinzi, au shirikianeni watu wanne wenye mashamba jirani mumlishe mbwa mmoja wa mwenyeji anayebaki pale mwaka mzima. Nimeona vijana wa vitunguu wakifanya hivi na inafanya kazi: kila mmoja anachangia debe la mahindi na dagaa, mbwa ana kwake, na mwenyeji anapata kitu kidogo.

Ukishamchukua, mlishe. Kuna imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Si kweli kabisa. Mbwa mwenye njaa analinda jalala. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au mifupa iliyochemshwa, na maji safi kila siku, mara mbili kwa siku, atakaa nyumbani. Usimpe utumbo, mapafu wala vichwa vya mbuzi vibichi. Kuna minyoo ya tegu ambayo mbwa anaipata humo, anakwenda kunya malishoni, mbuzi na kondoo wanakula mayai yake na majani, uvimbe wa maji unaota kwenye ubongo, mnyama anaanza kuzunguka duara mpaka anaanguka. Wengine mnaita kizunguzungu na mnatibu kwa sindano za antibayotiki, hela inakwenda bure. Kuna aina nyingine inaota malengelenge makubwa kwenye maini na mapafu, na hiyo inampata hata binadamu. Chemsha, au fukia. Na dawa ya minyoo yenye prazikwanteli mpe mbwa kila baada ya miezi mitatu, kwa uzito wake.

Chanjo ya kichaa kuanzia miezi mitatu, halafu kila mwaka. Siku ya kampeni kijijini leta hata vitoto, usimwache nyumbani kwa sababu ni mdogo. Kadi iweke na karatasi zako za shamba, siyo kwenye kibanda ambako panya wataila.

Halafu kuhasi. Hapa vijana wa kiume mnakunja uso kama vile mnahasiwa nyie. Dume lililohasiwa linalinda vile vile, ulinzi wake unatokana na kuzoea eneo na watu wake. Kinachopungua ni kuzurura kufuata majike na kupigana njiani. Jike likihasiwa ndiyo umefunga bomba kabisa. Lakini kazi hii ni ya daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi. Nimewahi kuitwa kwa mtu aliyembana dume la mbwa kwa burdizo ya ng'ombe. Sitaeleza nilichokiona. Gharama ya upasuaji kwa mtu mmoja inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo mkijikusanya mbwa kumi au kumi na tano, mnaweza kumleta daktari kijijini siku moja na kila mtu akalipa nafuu. Kikundi kimoja cha akina mama wafuga kuku hapa kwetu kimefanya hivyo, hela ilitoka kwenye mfuko wao wa kukopeshana.

Ukilazimika kuondoka, tafuta mtu anayemtaka mbwa kweli, siyo anayeshindwa kukukatalia. Mkabidhi mbwa akiwa amechanjwa, na kadi, na chakula cha mwezi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ukikosa mtu, nipigie au muone afisa mifugo wa kata yako wiki tatu kabla, siyo asubuhi ya kupakia gari. Na ikiwa mbwa ni mgonjwa wa kutopona, daktari anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu. Hiyo nayo ni huruma. Kumtupa porini siyo.

Kuhusu wale ambao tayari wako mitaani, tulichokubaliana kwenye kikao ni hiki. Mtu asiwakimbize wala kuwakamata kwa mikono. Tunawazoesha chakula sehemu moja, saa moja ya jioni, kwenye boma la zamani lenye mlango. Wakishazoea, mlango unafungwa na daktari anakuja na watu wake waliochanjwa wao wenyewe dhidi ya kichaa. Wanachanjwa, majike yanahasiwa, wenye wenyewe wanarudishwa, wanaofugika wanatafutiwa mashamba. Mbwa wa shambani aliyeokotwa mara nyingi anashika eneo haraka, ila mpe muda wa wiki mbili tatu za kufungwa na kulishwa na mtu mmoja kabla ya kumwachia karibu na mbuzi.

Yule mwenye kamba ya bluu tulimpata siku ya tano. Chini ya kamba shingo ilikuwa imekatika, maana alifungwa akiwa bado mdogo na hakuna aliyeilegeza. Nilimpigia simu kijana wa nyanya nikitegemea aniambie huyo si mbwa wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, nilidhani atakuwa ameshakufa." Alikuja Jumapili kwa basi. Mbwa alimtambua kabla hajafika getini. Mbele ya mtendaji amekubali kulipa mbuzi watatu kwa awamu mbili. Wengine wanne bado tunabishana nani mwenye mbwa waliobaki, na nadhani tutabishana mpaka Pasaka. Mbwa amechanjwa, anabaki kwangu mpaka siku zake kumi za kuangaliwa ziishe, jeraha la shingo nalisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mwenye nyumba wangu wa sasa, nashukuru Mungu, hana shida na mbwa.

Kwenye korongo tulikuta pia watoto wake, wana wiki kama saba. Watatu bado hawana pa kwenda, majike wawili na dume mmoja. Wameshapewa dawa ya minyoo, chanjo watapata wakifika umri, na majike wakifikisha miezi sita wataingia kwenye siku ya kuhasi ya kikundi cha akina mama, nafasi zao nimeshalipia. Anayetaka aje na mtu mzima mwingine wa nyumbani kwake, na aje aniambie Agosti atakuwa wapi.